Yumo Ndani, Lakini Kenda Skuli

Leo tunaanza kwa kuungama, maana tukianza kwa kusifu tutajisahau.

Mwaka jana mwenzetu mmoja wa hapa chumbani kwetu pa kushonea alivaa joho. Ana miaka 44. Gauni alilolivaa chini ya joho lile tulilishona sisi. Sare za dada zake, mawifi zake na majirani tulizishona sisi, kitambaa cha zambarau ambacho hatutaki kukiona tena maisha yetu. Na zile picha zilizozunguka simu kwa simu, Mashaallah zikimiminika chini yake kama mvua ya masika, tulizipiga sisi. Watu wakatupa hongera kama vile na sisi tumesoma, na hongera tukazipokea. Hakuna aliyetuuliza kwa nini masomo ya miaka minne yalimchukua mitano, na sisi hatukufungua mdomo.

Ule mwaka wa tano tulimpotezea sisi.

Kwa wasiotujua: tuko wanne, juu ya duka la vitambaa katika kichochoro kimoja cha Mchangani, Mji Mkongwe, ngazi nyembamba inayotaka uinue buibui kwa mikono miwili. Cherehani tano, ovaloki moja, meza ya kukatia, na feni inayozunguka ikipenda. Sote tuliishia kidato cha nne tukaenda kusomea ushoni. Baadhi yetu tulianza kujifunza katika lile giza kubwa, kisiwa kizima kilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na ndiyo maana mpaka leo cherehani yetu ya miguu hatuiuzi, atokee mnunuzi gani.

Mwenzetu huyu ndiye mkubwa wetu na ndiye mkataji. Wengi hudhani kazi ni kushona. Kazi ni kukata. Kitambaa mita mbili na nusu, mteja ana kifua kipana, anataka mikono ya kengele, na bado anataka kibaki cha kumshonea mtoto. Anayeweza kulitatua hilo bila kukunja uso anajua hesabu, hata kama skuli walimwambia hajui. Wasichana wote waliokuja kujifunza kwetu walipitia mkononi mwake. Sisi wengine tukimwona msichana kakosea mshono tunamnyang'anya kitambaa, tunashona wenyewe, yaishe. Yeye alikuwa anaufumua ule mshono mbele ya macho yake, polepole, anamrudishia na kumwambia, "Haya mwanangu, shona tena nikuone." Tulidhani ni upole wake tu. Hatukujua kuwa tunatazama ualimu.

Tulijua mwaka 2020. Skuli zilipofungwa Machi ile kwa sababu ya korona, baraza ya nyumbani kwao ilijaa watoto wasio na la kufanya. Akachukua chaki ya fundi, ile bapa tunayochoria vitambaa, akaanza kuandika sakafuni. Akawakatia duara za mabaki ya vitambaa: nusu, robo, thumni. Skuli zilipofunguliwa, mama mmoja akamjia analalamika kuwa mtoto anauliza kwa nini mwalimu wa skuli hana vitambaa. Alitusimulia akicheka, halafu akanyamaza, halafu akasema anataka kuwa mwalimu wa kweli, mwenye cheti. Alikuwa na miaka 39 na watoto wanne.

Zamani hapa Unguja aliyetaka ualimu alikwenda Nkrumah, kule Beit el-Ras, chuo ambacho sasa kimo ndani ya SUZA. Kuna vyuo Tunguu, kuna Chukwani. Vyote vizuri, lakini masomo yake ya mchana yanataka mtu aliye huru mchana, na mama mwenye oda na watoto wanne hayumo. Ila mlango mwengine upo siku nyingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, na kina vituo mikoani, hapa Unguja na Pemba pia. Kilichobadilika ni kwamba leo masomo yanaingia kwenye simu. Unajiunga bando, unashusha somo, unasoma, unapeleka kazi yako kwa intaneti, na siku ya mtihani unakwenda kukaa kitini kama wenzako. Aliyeishia kidato cha nne haruki moja kwa moja kwenye shahada. Anaanzia cheti, anapanda stashahada, na huko mbele akitaka anaendelea. Ngazi yenyewe ndefu, nyembamba, kama yetu ya Mchangani.

Sasa tufike kwenye neno lililotutoa kazini leo.

Mumewe ni mtu mwema, tunamjua, na haya tunayasema kwa idhini ya wote wawili. Alipomwomba ruhusa ya kusoma alijibu, "Maadamu hutoki, mimi sina neno." Sote tulifurahi. Tulipiga vigelegele hapa juu mpaka mwenye duka akapanda kuuliza kumetokea nini. Hatukuona kuwa katika jibu lile mlikuwa na mtego, na hata yeye mume hakuukusudia. Ruhusa ile ilitolewa kwa sababu haikumgharimu mtu yeyote chochote. Hakuna atakayekosa chai. Hakuna atakayelea mtoto. Hakuna atakayejua kuwa mama hayupo, kwa sababu yupo.

Mwanamke akipanda gari kwenda Tunguu, nyumba nzima inajua kenda chuo. Chakula kitachelewa, watu watavumilia. Mtoto akilia, atachukuliwa na shangazi. Simu ikipigwa, wataambiwa yuko darasani. Lakini anayesoma chumbani kwake, mlango wazi, simu mkononi, anaonekana kama anachezea simu. "Mama, soksi zangu ziko wapi?" "Bi Mkubwa, kuna mgeni." "Wewe, hebu nitazamie hichi chungu, si upo tu?" Ni hilo *si upo tu* linalomaliza wanafunzi. Akawa anasoma baada ya saa sita za usiku, watu wakishalala, na alfajiri yuko macho kwa sala na uji wa watoto. Asubuhi anakuja Mchangani anakata vitambaa vya watu kwa macho mekundu. Tulimtania. Tulimwita profesa.

Na sisi ndio tuliokuwa wabaya kuliko wote, kwa sababu nyumbani walikuwa hawajui, lakini sisi tulikuwa na ratiba yake ukutani, pembeni ya daftari la oda.

Ilikuwa mwaka wake wa tatu, kumi la mwisho la Ramadhani. Anayeijua Unguja anajua maana yake kwa fundi. Mtoto wa hapa havai nguo moja ya Sikukuu. Kuna ya Idi mosi, kuna ya Idi pili, kuna ya Idi tatu, na mama yake anataka zote ziwe tayari kabla ya siku ya mwisho ya mfungo, na kitambaa kaleta jana. Mwenzetu alikuwa na jaribio saa nane mchana, kituoni. Aliomba asije kazini siku ile, tukamkubalia. Saa nne asubuhi tukampigia simu: mteja mmoja mkubwa, harusi ya baada ya Idi, gauni limekatwa vibaya na mmoja wetu (ambaye ndiye anayeandika haya kwa niaba ya wenzake, na anainamisha kichwa). "Njoo nusu saa tu, dada. Si uko nyumbani tu?"

Alikuja. Nusu saa ikawa saa tatu, kwa sababu lile gauni halikuwa la kurekebisha, lilikuwa la kukatwa upya. Alipofika kituoni mlango ulikuwa umeshafungwa. Hakuna wa kumlaumu pale, tarehe ilijulikana tangu mwezi wa Januari. Somo lile likabaki, na bila ya somo lile hakuweza kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na mazoezi yakasubiri mwaka mwengine. Gauni la mteja lilitoka zuri. Mteja hata hakusema ahsante, akalalamikia vifungo.

Yeye hakutugombeza. Alikuja kesho yake, akakaa kwenye meza ya kukatia, akaomba mkasi. Kama angetugombeza pengine tungejitetea na tukasahau.

Tumelifikiri jambo hili miaka hii, mikono ikishona na midomo ikisema, na tumeona kuwa kwetu Zanzibar mapambano ya elimu ya mwanamke yalikuwa ya mlangoni. Skuli ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini hapa mwaka 1927, suala lilikuwa kama binti wa watu atoke au asitoke. Bibi zetu walilipigania hilo. Elimu bila malipo ilipotangazwa tarehe 23 Septemba 1964, mlango ukafunguka zaidi, na mama zetu wakapita. Sisi tumeletewa skuli mpaka kitandani, tukadhani mapambano yamekwisha. Kumbe yamebadilika tu. Bibi alipigania kutoka. Mjukuu inabidi apiganie kuhesabiwa kuwa ametoka, ilhali yumo ndani.

Na asitwambie mtu kuwa hilo ni jambo la kigeni, la kizungu, mwanamke kujifungia na kitabu. Bibi Aisha (r.a.) aliendelea kusomesha miongo mingi baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki. Alikuwa chumbani kwake, na maswahaba wakubwa walifika kwake kumwuliza masuala ya dini. Alikuwa ndani, na kila mtu alijua kuwa mule ndani mna elimu. Tunapenda sana kumtaja Bibi Khadija (r.a.) tunapotaka kuuza madira yetu. Siku moja moja tumtaje na Bibi Aisha tunapotaka kumgongea mtu mlango.

Wapo wanaosema kwa miaka 40 umeshachelewa, mwalimu ni yule aliyetoka chuo kijana. Hawa tunawajibu kwa kitu wanachokijua. Katikati ya miaka ya 1980 kule Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, alianzisha skuli za maandalizi zilizofungamana na madrasa. Mwaka 1990 mpango ule ukaja Zanzibar. Walimu wake walikuwa wanawake wa pale pale mtaani na vijijini, wengi wao hawakuwa na elimu kubwa ya skuli. Walifundwa, wakarudi kwa watoto wao, wakafundwa tena wakiwa kazini. Wengi mnaotusoma mlishikishwa penseli ya kwanza na mmoja wa akina mama wale. Hakuna aliyemwuliza umri.

Kuhusu ajira hatutawadanganya. Kumaliza stashahada si kupewa darasa siku ya pili. Nafasi za serikali zinagombaniwa, na skuli za binafsi nyengine mshahara wake fundi mzuri wa madira anaupata bila ya kuondoka kwenye kiti. Ada pia ipo, bando lipo, nauli ya kituoni ipo, na mwenzetu alilipa kwa mchezo, yaani kwa zamu yake ya upatu, mara mbili akichukua ya mwanzo kwa sababu sisi wengine tulimwachia. Hilo moja tulilifanya vizuri, tuandikiwe. Lakini anayetaka ualimu kwa ajili ya fedha tu, cherehani ina njia fupi zaidi.

Sasa tuwasimulie kilichotufungua macho. Mwaka uliofuata alifika kwenye mazoezi ya kufundisha. Hayo hayafanyiki kwa simu, lazima usimame mbele ya watoto wa watu. Alipangiwa skuli moja ya shamba, wiki kadhaa, kwa hiyo akawa anatoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, anapanda gari, anarudi mchana jua kali. Tukajiandaa kwa maafa. Tulijua ile nyumba itaanguka.

Wiki ya kwanza ilitikisika. Wiki ya pili mumewe alikuwa anachemsha chai. Mtoto wa tatu, yule wa soksi, akawa anafua soksi zake mwenyewe na kuzianika. Wifi yake akawa anapitia kuwachukua wadogo. Kumbe walikuwa wanajua sukari ilipo! Miaka mitatu mtu ameamshwa kwenye kitabu kuulizwa sukari, na sukari kila mtu alijua ilipo. Walichokosa ni kumwona ameondoka.

Akamwambia mumewe, bila ya ugomvi, wakiwa wanakula: "Unaona, mume wangu? Ningelikwenda mbali ningemaliza mapema." Mzee wa watu akaweka tonge chini. Tangu siku hiyo, na hii ametusimulia mwenyewe mume, alianza kukaa barazani saa za jioni na kujibu hodi.

Hatusemi kila mume awe hivyo, na hatusemi kila mwanamke aombe hivyo hivyo. Wengine nyumba ni chumba kimoja na watu sita, mlango wa kufunga haupo. Tunachosema ni kwamba familia inayotoa ruhusa itoe na saa. Ruhusa bila ya saa ni maneno. Na saa hizo zisiwe za usiku wa manane, ziwe saa za watu, jua likiwaka, mtu akiwa na akili yake. Mbili kwa siku zinatosha kuanzia. Nyumba inayoweza kukaa bila ya mama saa mbili akienda kuhani msiba, inaweza kukaa bila yake saa mbili akiwa chumbani. Akienda msibani hamumpigii simu kuuliza soksi. Na mabosi, mashoga wa kazini, makungwi na wote wenye kupenda kusema *njoo mara moja*, na sisi tumo, tujue kuwa mara moja yetu ni mwaka wa mtu.

Mwalimu wetu sasa anasomesha darasa la tatu, skuli ambayo watoto wanaingia kwa zamu mbili, na yeye anaingia mchana. Asubuhi bado anatukatia. Wanafunzi wake wanamwita ticha, na ana mkebe wa duara za vitambaa ambazo akizisahau nyumbani darasa zima linanuna.

Na sasa mdogo wetu, wa miaka 31, kashikwa na yeye. Alipotoa cheti chake cha kidato cha nne tukakihesabu pamoja juu ya meza ya kukatia: kapasi masomo manne, akaruka kwa furaha. Halafu ticha akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Ngazi ya cheti inataka masomo manne, lakini masomo ya dini hayamo katika hesabu hiyo, na moja kati ya manne yake ni Elimu ya Dini ya Kiislamu, tena ndilo alilofaulu vizuri kuliko yote. Alilia kidogo. Kisha akajiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anarudia Kiswahili, jiografia, na hesabu, ambayo alikuwa ameapa hatoiona tena.

Tumemtolea stoo. Tumehamisha marobota ya kanga, tumeingiza kiti na ile feni. Ndiyo, feni yenyewe, sisi tunajipepea kwa vipande vya katoni. Saa kumi jioni anaingia, anafunga, simu yake ya wateja anatuachia.

Jana alipanda mteja, mwanamke wa heshima zake, ngazi imemtoa jasho, kashika kitambaa cha satini mkononi. Akamwulizia kwa jina. Tukamwambia hayupo. Akageuka, akaviona viatu vyake mlangoni, akaisikia feni inavuma nyuma ya mlango wa stoo, na ndani sauti ikihesabu kwa kunong'ona.

"Si huyo hapo ndani?" akasema.

"Huyo?" tukamjibu. "Huyo kenda skuli, bibie. Saa kumi na mbili anarudi. Karibu ukae."